Mizani Isiyosomeka

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa lililokuwa Jimbo la Ziwa walikuwa na lalamiko moja lililozidi mengine yote. Mkulima alipofikisha pamba yake kituoni, mizani ilikuwa ya mnunuzi, karani aliyeisoma alikuwa wa mnunuzi, na malipo yalikokotolewa kutokana na kile ambacho karani huyo alisema amekiona. Mkulima alisimama upande wa pili, akapokea fedha na kuondoka, akiwa hana njia ya kujua kama ratili zilizoandikwa ndizo alizobeba kichwani tangu alfajiri. Hata hivyo wakulima hawakutaka mizani iondolewe. Waliweka vituoni watu wao wenyewe, watu waliojua kusoma tarakimu, ili wasimame kando ya karani na kuusoma mshale pamoja naye. Vyama vya ushirika vilistawi upesi katika miaka hiyo, hata mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani.

Habari hiyo hufundishwa katika somo la Historia, na ni haki yake. Nadhani ina mahali pake pia katika Fizikia na Hisabati, kwa kuwa kiini chake ni swali la vipimo: ni nani apimaye, kwa kipimo gani, na aliyepimwa anaruhusiwa kuona nini. Swali hilo limerudi tena katika Mkoa wa Mara, na safari hii mizani haina mshale.

Tuchukue Nyegina, kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Musoma, ambacho wanafunzi wengi wanakifahamu kwa kuwa katika misheni yake Mwalimu Nyerere alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943. Watu wa huko na wa vijiji jirani vya Mkirira na Kurukerege hulima mihogo, mtama na mahindi, na wengi wao hutegemea Ziwa Viktoria kwa namna moja au nyingine: kuna avuaye, kuna aanikaye dagaa, na kuna awachukuaye kwa gunia kwenda kuwauza mjini. Mtu wa namna hiyo alipohitaji shilingi laki moja za kuongeza mtaji, zamani benki ilimtaka hati ya nyumba au barua ya mwajiri, vitu ambavyo hakuwa navyo. Siku hizi hubonyeza simu yake. Huduma ya M-Shwari ilianza nchini Kenya Novemba 2012, M-Pawa ikaanza hapa Tanzania mwaka 2014, na tangu hapo nyingine nyingi zimefuata. Mwombaji hujibiwa kabla hajairudisha simu mfukoni. Ama hupewa kiasi fulani, ama huambiwa kwamba kwa sasa hastahili.

Ni nani aliyeamua? Hakuna karani aliyekaa mezani kulisoma ombi hilo. Uamuzi umetolewa na mfumo wa kompyuta uliofundishwa kwa kumbukumbu za wakopaji waliotangulia. Mfumo hupewa habari za maelfu ya watu: fedha ngapi ziliingia katika simu zao na ngapi zilitoka, walinunua muda wa maongezi mara ngapi, mikopo yao ya awali waliirejesha siku gani. Pamoja na hayo huambiwa ni nani kati yao aliyelipa na nani aliyeshindwa. Mfumo hutafuta ruwaza inayowatenganisha wa kwanza na wa pili, kisha humlinganisha mwombaji mpya na ruwaza hiyo, humpa alama, na aliye chini ya alama iliyowekwa hukataliwa. Hiyo ni sura mojawapo ya kile ambacho Baraza la Kiswahili hukiita akili mnemba, na ambacho jirani zetu wa Kenya hupenda kukiita akili unde. Kusema kweli si kila mfumo wa kutoa alama unastahili jina hilo kubwa, maana mingine ni hesabu ya kujumlisha na kutoa tu. Lakini mwombaji wa Nyegina hapati nafuu yoyote kwa kujua tofauti hiyo.

Sitaki nieleweke kwamba ninawatetea makarani wa zamani. Karani alikuwa na shemeji zake, na wengine walikuwa na bei yao. Mwanamke aliyeingia benki peke yake aliulizwa mume wake yuko wapi. Mtambo haumjui shemeji wala haupokei bahasha, nao umewafikia watu ambao benki haikuwahi kuwatazama. Faida hiyo ni ya kweli, na wanaotaka mitambo hii ipigwe marufuku wanasahau hali ilivyokuwa. Hata hivyo karani alikuwa na sifa moja: ungeweza kumwuliza kwa nini.

Ili tuone uzito wa swali hilo, na tutazame kazi ya dagaa. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na sasa nyingi ni za umeme wa jua. Samaki hao huufuata mwanga, na taa hufanya kazi yake vizuri wakati wa giza. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji yote, taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo katika siku zinazozunguka mwezi mpevu wavuvi wengi huvuta mitumbwi pwani, wakashona nyavu na kungoja. Fedha za mialoni hujaa na kupwa kwa kuufuata mwezi. Mvuvi akikosa, muanikaji hukosa, na mchukuzi naye hukosa.

Mwezi hukamilisha mzunguko wake, kutoka mpevu hadi mpevu, kwa muda wa siku 29 na nusu hivi. Mikopo mingi ya simu hutakiwa kurejeshwa baada ya siku 30. Mwanafunzi aliye makini ameshaona tatizo. Mama mwenye biashara ya dagaa hakopi wakati wa giza, kwa kuwa wakati huo ana fedha mkononi. Hukopa wakati wa mbalamwezi, meza inapokuwa tupu na ada ya mtoto inapodaiwa. Akikopa mbalamwezi inapowaka, siku 30 baadaye mbalamwezi imewaka tena, na deni linaiva katika siku zile zile asizokuwa na kitu. Mkopo huo huo ungalikuwa wa majuma mawili, au wa siku 45, ungalimkuta katikati ya giza, dagaa wakimiminika, naye angalilipa bila shida.

Sasa tazama mtambo unachokiona. Unaona mtu aliyechelewa kulipa. Unaona kwamba kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo fedha haziingii wala kutoka katika simu yake. Unamlinganisha na mwalimu au karani wa mjini, ambaye mshahara wake huingia tarehe ile ile miezi yote, na kumhesabu kuwa mtu asiyetabirika, ilhali biashara yake inatabirika kama kalenda. Mtambo haukudanganya, maana tarakimu ulizopewa ni sahihi. Lakini kile ulichokiandika kama tabia ya mkopaji ni, kwa sehemu kubwa, tabia ya ratiba ya mkopeshaji. Nami sioni jinsi mtambo utakavyoligundua jambo hili wenyewe kama hakuna mtu aliyeuonyesha safu ya mwezi. Karani mzaliwa wa Musoma angalielezwa kwa sentensi moja, akaelewa.

Wafanyabiashara wanaonunua mifumo hii huambiwa kwamba iko sahihi kwa asilimia fulani, na asilimia ikiwa kubwa mazungumzo huishia hapo. Haifai kuishia hapo, na hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba wameomba watu 1,000. Kati yao 900 wangelipa kama wangekopeshwa, na 100 wasingelipa. Tuchukulie tena kwamba mtambo hupatia mara tisa katika kila kumi, kwa makundi yote mawili. Katika wale 900 utawakubali 810 na kuwakataa 90. Katika wale 100 utawakataa 90 na kuwakubali 10 kwa makosa. Jumla ya waliokataliwa ni 180, na nusu yao, yaani 90, walikuwa walipaji wema. Mtambo unaosifiwa kwa usahihi wa asilimia 90, unapomwambia mtu hastahili, una uzito sawa na shilingi iliyorushwa juu. Na kuna kichekesho kimoja: katika mfano huu, mtambo unaomkubali kila mtu bila kutazama chochote nao ungekuwa sahihi kwa asilimia 90.

Mwalimu anaweza kuifanya hesabu hii darasani kwa maharage ya rangi mbili na vikombe viwili, na nadhani darasa litabishana zaidi kuliko kwa kuchora michoro ubaoni.

Kampuni yenyewe hulionaje jambo hilo? Hulipenda. Pasipo mtambo, watu 100 katika 1,000 wangeondoka na fedha. Pamoja na mtambo, ni 10 katika 820. Tuseme kila mkopo ni shilingi 100,000 na faida ya kila mlipaji ni shilingi 9,000. Mkopaji mmoja anayetoweka na fedha anameza faida ya walipaji 11. Kwa hiyo meneja mwenye akili timamu huikaza chujio mpaka asiyelipa asipite, na walipaji wema wanaobaki juu ya chujio hawamsumbui, kwa kuwa hawaandikwi katika daftari lolote la hasara. Anayelipa gharama ya kosa la kwanza ni kampuni, na anayelipa gharama ya kosa la pili ni mama wa Nyegina. Hapo ndipo neno uwajibikaji linapoacha kuwa la hotuba na kuwa la biashara, maana soko peke yake halina sababu ya kuirekebisha mizani inayompunja mtu asiyeonekana.

Kuna jambo la pili ambalo wanasayansi wa kilimo watalitambua upesi. Mfumo hujifunza kutoka kwa waliokopeshwa tu. Aliyekataliwa hapati nafasi ya kuonyesha kwamba angelipa, hivyo kukataliwa kwake hakuleti ushahidi mpya, na mwaka unaofuata mfumo hufundishwa tena kwa kumbukumbu zile zile zilizopungukiwa na watu wa aina yake. Kosa hujilisha lenyewe. Pale Ukiriguru, karibu na Mwanza, ambako mbegu za pamba zenye jina la UK zilizaliwa, hakuna mtafiti ambaye angeisifu mbegu mpya bila kuipanda kando ya mbegu ya zamani, katika udongo mbalimbali, na kuvuna pande zote mbili. Mkopeshaji naye anaweza kufanya vivyo hivyo. Atenge sehemu ndogo ya waombaji ambao mtambo umewakataa, awakopeshe kiasi kidogo kwa kuchaguliwa bila mpango, kisha ahesabu wangapi wamelipa. Ajitengee hesabu ya wavuvi, ya wakulima wa pamba ambao fedha zao huja kwa msimu, na ya wanawake wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Hilo lina gharama, lakini ni gharama ya kujua, na anayekataa kuilipa anapaswa kuacha kusema kwamba uamuzi wake ni wa kisayansi.

Watu husema kompyuta haikosei. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi wa vituo vya posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kwa kuwa mfumo wa hesabu uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha vituoni mwao. Mfumo huo haukuwa akili mnemba. Ulikuwa programu ya hesabu yenye kasoro. Mahakama ziliichukua kompyuta kuwa inafanya kazi sawasawa hadi ithibitishwe vinginevyo, na wasimamizi wale hawakuwa na njia ya kuingia ndani ya programu ili kuthibitisha. Ilikuwa Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Mfano wa karibu zaidi na biashara ya kila siku ulitokea Kanada. Abiria mmoja aliyefiwa na bibi yake mwaka 2022 aliuuliza mtambo wa kujibu maswali wa shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli ya wafiwa, na mtambo ukamwambia kwamba anaweza kudai punguzo baada ya kusafiri. Habari hiyo haikuwa kweli. Alipodai, shirika lilijitetea, pamoja na mengine, kwa hoja kwamba mtambo huo ni kama chombo kinachojitegemea na chenye wajibu wake chenyewe. Baraza la usuluhishi la British Columbia lilikataa hoja hiyo Februari 2024 na kuliamuru shirika lilipe. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi, lakini hoja iliyokataliwa ni kubwa. Kama ingekubaliwa, kila mwenye duka angekuwa na mtumishi wa kulaumiwa ambaye hawezi kushtakiwa, hawezi kufukuzwa, na hana aibu.

Sheria zetu hazikulala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomwathiri kwa uzito usifanywe kwa mtambo peke yake, na uamuzi wa namna hiyo ukishafanywa, anaweza kutaka ufikiriwe upya. Kenya ilirekebisha sheria ya Benki Kuu yake mwaka 2021 na kutoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022. Hapa kwetu, Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Hatua hizo ni njema. Lakini leseni huonyesha kwamba mwenye duka anafahamika, haionyeshi kwamba mizani yake iko sawa. Muuza sukari wa Musoma huijua tofauti hiyo vizuri: ana leseni ya biashara ukutani, na bado mtu wa Wakala wa Vipimo huja na mawe yake ya kupimia, akayaweka juu ya mizani, na kuipiga chapa au kuizuia. Mizani inayopima uaminifu wa watu haijapata mawe ya kupimia yanayojulikana na wote, na kuyatengeneza ni kazi inayowangoja vijana walio madarasani sasa, wale wanaouliza Takwimu itawafaa nini.

Wakati kazi hiyo ikingoja, kuna jambo dogo ambalo mkopeshaji yeyote anaweza kulifanya juma hili bila kununua kompyuta mpya. Abadilishe ujumbe wa kukataa. Wakati huu mwombaji hupokea sentensi moja isiyo na mlango wa kutokea. Badala yake aandikiwe, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba ombi lake limekataliwa na mtambo; kwamba sababu kubwa ni kuchelewa kwa malipo ya mwezi fulani, au ni fedha kutoingia kwa siku kadhaa; kwamba akiona sababu hiyo si ya haki apige namba fulani, ambako afisa mwenye jina na mwenye mamlaka ya kuubadili uamuzi atamsikiliza; na kwamba atajibiwa kabla ya siku fulani. Afisa huyo aandike alichoelezwa. Baada ya mwaka mmoja daftari lake litakuwa na wavuvi wengi waliosema habari ya mwezi, na mtengenezaji wa mfumo, hata kama hajawahi kuliona Ziwa Viktoria, atajua ni safu gani inayokosekana.